Kufuatilia tegu wa nguruwe Nyanda za Juu Kusini: mwongozo kwa anayeanzia kwenye kata

Mwaka 2013 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliokagua nguruwe wa wilaya za Mbozi na Mbeya Vijijini. Watafiti walipotazama ndimi, walikuta vifuko vya tegu (vijifuko vya maji vyenye mnyoo mchanga) kwa asilimia 11.7 ya nguruwe wa Mbozi na asilimia 6 ya wale wa Mbeya Vijijini. Ukichora ramani kwa namba hizo, Mbozi inawaka nyekundu na jirani yake anapumua. Lakini nguruwe haohao walipopimwa damu, Mbozi ilipata asilimia 32 na Mbeya Vijijini asilimia 30.7. Wilaya zimelingana. Kilichobadilika ni kipimo tu.

Ndiyo maana kwenye mwongozo huu nitakusumbua sana kuandika umeangaliaje kabla ya kuandika umeona nini. Nimewalenga maafisa mifugo wa kata, mabwana na mabibi afya, wanafunzi wa mifugo na afya wanaokwenda vijijini kwa mara ya kwanza, na yeyote anayetaka kulinganisha Mbeya, Songwe, Iringa na Njombe bila kudanganywa na rangi za ramani.

Hatua ya 1: Elewa nani anambeba nani

Tegu mzima anaishi kwenye utumbo wa binadamu, na wa binadamu tu. Kwa kawaida ana urefu wa mita 2 hadi 4, wengine huzidi hapo, na anaweza kukaa humo miaka kadhaa huku mwenye tumbo akiendelea na shughuli zake. Hudondosha vipande vyenye mayai, na kipande kimoja hubeba makumi ya maelfu ya mayai, yanayotoka pamoja na kinyesi. Nguruwe akila kinyesi hicho, au akichimbua udongo na majani yaliyochafuliwa nacho, vijidudu hupenya utumbo, huingia kwenye damu na kwenda kutulia kwenye misuli, moyo na ulimi. Hapo hujenga vifuko vyeupe vyenye maji, vingi vikiwa na ukubwa wa punje ya mahindi au chini yake. Mchoma kitimoto yeyote mzoefu wa Mwanjelwa ameshaviona. Mtu akila nyama hiyo kabla haijaiva sawasawa, kifuko hugeuka tegu tumboni mwake, na mzunguko unaanza upya.

Kuna njia ya pili, ambayo ndiyo inayoua. Mtu akimeza mayai kwa mikono michafu, mboga au maji, vifuko huota mwilini mwake mwenyewe kama ilivyo kwa nguruwe. Vikikaa kwenye ubongo, huleta kifafa na maumivu makali ya kichwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika maeneo mengi yenye tegu huyu, karibu asilimia 30 ya kifafa chote hutokana naye. Msabato wa Tukuyu ambaye hajawahi kuonja nyama ya nguruwe hajasalimika: inatosha aliyemkatia kachumbari awe na tegu na hakunawa.

Kwa mfuatiliaji, mzunguko huu una maana tatu. Nguruwe hamwambukizi nguruwe mwenzake, kwa hiyo kila nguruwe mwenye vifuko ni shahidi kwamba karibu na banda lake kuna, au alikuwepo, mtu mwenye tegu. Umri wa nguruwe ni saa: akiwa na miezi sita na ulimi wake umejaa vifuko, uchafuzi ulitokea ndani ya miezi hiyo sita, hapo alipokulia. Na ugonjwa unapohama mkoa, mara nyingi husafiri ndani ya tumbo la abiria. Nyama inapakiwa kwenda mjini, inaliwa, halafu tegu anarudi kijijini na mtu aliyekwenda kuchuma chai Mufindi, kupasua mbao Sao Hill au kusukuma biashara Tunduma. Ukifuata magari ya nguruwe peke yake umefuata nusu ya safari.

Hatua ya 2: Amua swali lako ni lipi

Maswali yapo matatu, na kila moja lina gharama yake: Je, ugonjwa upo? Upo kwa kiasi gani? Unaongezeka au unapungua?

La kwanza ni rahisi kuliko yote kujibu "ndiyo". Nguruwe mmoja anatosha. Kujibu "hapana" ni shughuli nyingine kabisa. Kanuni ya haraka ni hii: usipokuta hata mmoja, gawanya 3 kwa idadi uliyokagua. Ukikagua nguruwe 60 bila kuona kifuko, 3 gawanya kwa 60 ni asilimia 5. Unachoruhusiwa kusema ni kwamba wenye vifuko vinavyoonekana ulimini pengine hawazidi asilimia 5. Kwa kuwa ulimi huwakosa wengi, wenye maambukizi halisi wanaweza kuwa mara kadhaa ya hapo. Sentensi "kata yetu haina tegu" isiandikwe na mtu aliyekagua nguruwe 60 kwa ulimi. Nimeiona kwenye taarifa nyingi kuliko inavyostahili.

Kwa swali la pili, tuseme unategemea kiwango cha asilimia 10 na unavumilia kukosea kwa asilimia 5 juu au chini. Hesabu ya kawaida inakupa nguruwe 138. Lakini nguruwe wa kijiji kimoja wanafanana, maana wanakula uchafu wa watu walewale, kwa hiyo mmoja hakuongezei habari nyingi juu ya mwenzake. Zidisha kwa mbili: kama 280. Vijiji 14, nguruwe 20 kila kijiji. Ukijaribiwa kuchukua vijiji 4 vyenye nguruwe 70 kila kimoja kwa sababu mafuta ya pikipiki ni ghali, jua kwamba umepima vijiji vinne, hukupima wilaya.

Swali la tatu linataka ufanye la pili mara mbili, kwa namna ileile, msimu uleule. Nitalirudia mbele.

Hatua ya 3: Barua kwanza, kamba baadaye

Kwa nguruwe peke yake, anza na Mkurugenzi wa Halmashauri kupitia ofisi ya mifugo ya wilaya, kisha mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji, mwenyekiti wa kitongoji. Ukigusa watu, iwe kwa damu, kinyesi au hata maswali juu ya kifafa, na unafanya utafiti, unahitaji kibali cha maadili. NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, hutoa kwa ngazi ya taifa, na Mbeya ipo kamati yake. Omba mapema. Kibali hakijali kwamba mvua zinakaribia.

Kijijini, usiingie na daftari kabla ya kusema nini kitatokea nguruwe akikutwa na vifuko. Mfugaji anajua anachoweza kupoteza. Akihisi unakuja kumtaifishia nguruwe, utaoneshwa wale wazuri tu na wengine watakuwa "wameuzwa jana".

Hatua ya 4: Kusanya kumbukumbu zilizopo, na uzishuku zote

Hii ndiyo hatua ambayo watu huiruka, au huifanya kwa imani kupita kiasi. Kumbukumbu zipo za aina tatu, na kila moja ina uongo wake.

Daftari la mkaguzi wa nyama. Linaonesha nguruwe wangapi walichinjwa na wangapi walikutwa na vifuko. Tatizo la kwanza: mchuuzi wa nguruwe naye anajua kukagua ulimi, tena anajua vizuri. Huupindua ulimi bandani kabla ya kutoa hela, akiona vifuko anashusha bei au anaondoka. Nguruwe aliyekataliwa haendi machinjioni. Anachinjwa nyumbani au nyuma ya kilabu cha pombe, usiku, bila muhuri wa mtu. Kwa hiyo daftari la machinjio ni orodha ya waliopita chujio la mchuuzi. Tatizo la pili: daftari linataja nguruwe alikochinjwa. Nguruwe aliyechinjwa jijini Mbeya anaweza kuwa ametoka Ileje, Chunya au Mbozi, na wengine wa huku hupakiwa hadi Dar es Salaam. Ukipaka rangi kwa mahali pa kuchinjia, miji itaonekana migonjwa kuliko vijiji. Zungumza na mkaguzi aongeze safu moja tu, "kijiji alikotoka", na ailinganishe na kibali cha kusafirisha mifugo. Safu hiyo moja ina thamani kuliko miaka kumi ya daftari lisilo nayo.

Vitabu vya MTUHA, yaani vitabu vya kumbukumbu za wagonjwa vya zahanati na vituo vya afya. Kwenye kitabu cha wagonjwa wa nje utakuta "minyoo", na mara moja moja "tegu". Hata hapo hujui ni tegu gani. Mayai ya tegu wa nguruwe na ya tegu wa ng'ombe hayatofautiki kwenye darubini. Usangu, ambako ng'ombe ni wengi, na Mbozi, ambako nguruwe ni wengi, wanaweza kuandika neno lilelile kwa mnyoo tofauti.

Takwimu za kifafa. Hizi zinashawishi sana kwa kuwa zinahusu watu na maumivu yao. Zikusanye, lakini usiziite ramani ya tegu. Kifafa kina sababu nyingi: malaria kali ya utotoni, majeraha ya kichwa, uzazi mgumu. Na katika ukanda wetu kuna usubi, ugonjwa wa minyoo unaoletwa na inzi wadogo wanaouma na unaoweza kupofusha. Rungwe, Kyela, Ileje na Ludewa zimo kwenye maeneo yanayojulikana kwa usubi, na Mahenge, mkoani Morogoro, ndiko ambako daktari Louise Jilek-Aall alianza kuwaandika wagonjwa wa kifafa tangu miaka ya 1960, kwenye eneo ambalo baadaye kifafa chake kilihusishwa na usubi. Kuthibitisha kwamba vifuko vimo kwenye ubongo kunahitaji picha ya CT, inayoonesha ndani ya kichwa, na mashine hizo haziko kwenye zahanati. Isitoshe familia nyingi humpeleka mgonjwa wa kifafa kwa mganga kwanza, au humficha, kwa hiyo zahanati yenye muuguzi anayeaminika itaonekana kuwa na kifafa kingi kuliko jirani zake.

Kabla hujafunga daftari, tazama mipaka. Ukisoma taarifa ya zamani inayosema "Mbozi, mkoa wa Mbeya", Mbozi hiyo sasa iko Songwe, mkoa uliomegwa mwaka 2016. Njombe ilikuwa ndani ya Iringa hadi 2012. Ukilinganisha "Mbeya ya 2010" na "Mbeya ya 2020" bila kurekebisha, utaona tegu amepungua Mbeya na amezuka Songwe, kumbe ni mstari wa ramani uliohama. Wilaya nazo zimegawanyika: Momba ilitoka Mbozi, Wanging'ombe ilitoka Njombe. Dawa yake ni kushuka hadi kata au kijiji kila unapoweza, kisha kupanga upya kwenye mipaka ya sasa. Kijiji kikijulikana kwa jina na mahali kilipo, hata wakubwa wakigawa mkoa tena mwakani, takwimu yako haifi.

Hatua ya 5: Chagua vijiji bila kuchagua

Usiende kwenye vijiji vilivyoko kando ya barabara kuu ya Tunduma. Usiende pia kwenye kile ambacho kila mtu anasema kina tegu, isipokuwa swali lako ni "je, upo?".

Chukua orodha ya vijiji vyote na idadi ya nguruwe wa kila kimoja. Jumlisha ukishuka: kijiji cha kwanza 180, cha pili 180 jumlisha 95 ni 275, na kuendelea hadi mwisho. Tuseme jumla ni nguruwe 4,200 na unataka vijiji 14. Gawanya: 300. Mwombe mtu asiyehusika akutajie namba yoyote kati ya 1 na 300, tuseme 117. Kijiji chenye nguruwe wa 117 kimechaguliwa, kisha wa 417, wa 717, hivyo hivyo hadi mwisho. Vijiji vyenye nguruwe wengi vinapata nafasi kubwa zaidi, na hakuna atakayesema ulimpendelea mjomba wako.

Hakikisha orodha ya nguruwe si ya kale. Homa ya nguruwe ya Afrika ikipita, kitongoji kinabaki na mabanda matupu, huku daftari la ofisini likisema wamo mia mbili.

Kwenye kijiji, pata orodha ya kaya zenye nguruwe kutoka kwa wenyeviti wa vitongoji, andika kila kaya kwenye kikaratasi, changanya kwenye kofia, chomoa. Kila kaya toa nguruwe mmoja au wawili, basi. Wenye umri chini ya miezi minne waache, vifuko vyao huenda havijakomaa. Mama mwenye mimba kubwa mwache. Mgonjwa mwache, na uulize anaumwa nini.

Hatua ya 6: Kagua ulimi

Mnahitajika watu watatu: wawili wa kushika, mmoja wa kutazama. Kamba yenye kitanzi huingia mdomoni na kukaza kwenye taya la juu, nyuma ya meno chonge. Nguruwe atapiga kelele utadhani anachinjwa, na watoto wote wa kitongoji watakuja kutazama. Kijiti kigumu, kisicho na ncha, huwekwa kwa upande ili mdomo usifunge. Shika ulimi kwa kitambaa kikavu, uvute nje taratibu, upindue. Tazama upande wa chini kuanzia shinani hadi nchani, kisha pitisha vidole ukibonyeza polepole. Kifuko huhisiwa kama kipele kigumu kinachoteleza chini ya ngozi. Chunusi za kawaida na makovu ya kujing'ata havitelezi.

Andika moja kati ya majibu matatu: vifuko vimeonekana, vimehisiwa tu, havipo. Usiviunganishe hapo bandani. Utaviunganisha baadaye ukitaka.

Ulimi una sifa moja nzuri sana: ukiona vifuko kweli, karibu hakuna shaka. Ubaya wake ni kwamba huwakosa wenye vifuko vichache. Damu ni kinyume chake kidogo: kipimo cha maabara kiitwacho ELISA, cha kutafuta antijeni (chembechembe zinazotoka kwa mnyoo), hunasa wengi zaidi, lakini hakitofautishi tegu wetu na tegu mwingine ambaye nguruwe humpata kwa mbwa. Kwa hiyo asilimia 32 ya Mbozi nayo si neno la mwisho. Kama bajeti inaruhusu, kagua ndimi zote, chukua damu za baadhi, na upange mapema na maabara ya veterinari au chuo kikuu. Damu iliyokaa kwenye buti la gari siku mbili haina kazi.

Sasa jambo ambalo ningelipigia mstari mwekundu. Mtu anayezunguka banda hadi banda, akishika midomo ya nguruwe kwa kamba moja, ndiye msambazaji bora kabisa wa homa ya nguruwe ya Afrika. Haina tiba. Ikiingia, banda zima linakwisha. Usiingie kwenye kijiji kilicho chini ya karantini. Kwenye vijiji vingine, osha buti kwa brashi na dawa kila unapotoka kwenye kaya, badilisha glovu kila nguruwe, loweka kamba kwenye dawa au uwe na kamba za kutosha kila kaya na yake. Ukikuta nguruwe wana homa kali, wekundu masikioni na tumboni, wanakufa kwa haraka, funga kazi, toa taarifa wilayani, usiende kijiji kingine siku hiyo.

Hatua ya 7: Fomu iwe fupi

Tumia KoboToolbox au ODK Collect, programu za kujazia fomu, kwenye simu. Zote hufanya kazi bila mtandao na kutuma ukifika penye mnara, jambo la msingi kama unakwenda Makete au milima ya Ileje. Vitu vya lazima: tarehe, kijiji na kata kwa majina ya orodha, yasichapwe upya kila mara, umri wa nguruwe, alizaliwa hapo au alinunuliwa, na wapi, anafungiwa mwaka mzima, anafungiwa mpaka mavuno tu, au anazurura, kaya ina choo na kinatumika, aina ya kipimo, jina la mkaguzi, jibu.

Swali la kufungia linahitaji uangalifu. Huku mvua ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei, na wafugaji wengi hufungia nguruwe mazao yakiwa shambani, kisha huwaachia mahindi yakishavunwa. Ukiuliza "unafungia?" mwezi Februari utapata "ndiyo" ya kweli ambayo mwezi Agosti si ya kweli. Uliza kwa miezi.

Kuhusu choo, omba kukitumia. Utajua mengi kuliko kwa kuuliza.

Jina la mkaguzi huwekwa kwa sababu wakaguzi hutofautiana. Ikiwa kila kijiji chenye tegu kilikaguliwa na mtu mmoja, na kila kisicho nacho kilikaguliwa na mwingine, umewapima wakaguzi wako.

Hatua ya 8: Upande wa watu

Hapa nitapita haraka, maana kazi hii ni ya watu wa afya wenye kibali. Darubini peke yake haitoshi. Utafiti mwingine wa Mbozi, nao wa 2013, ulichunguza watu 830: kwa darubini walioonekana na mayai ya tegu walikuwa asilimia 1.1, na kwa kipimo cha antijeni kwenye kinyesi asilimia 5.2. Kwenye damu ya watu haohao, asilimia 16.7 walikuwa na dalili za vifuko hai mwilini. Tofauti ni ileile ya ulimi na damu.

Uliza lini mara ya mwisho shule za kijiji zilipewa prazikuanteli ya kichocho. Dawa hiyo humwondoa tegu pia, hivyo kijiji kilichopewa miezi miwili iliyopita si cha kulinganishwa na ambacho hakijapewa. Na usigawe dawa mwenyewe. Mtu mwenye vifuko kwenye ubongo akimeza prazikuanteli anaweza kupata degedege, ndiyo sababu lazima apitie kwa daktari.

Hatua ya 9: Chora ramani isiyosema zaidi ya ulichoona

QGIS, programu ya kuchorea ramani kwenye kompyuta, ni ya bure na inatosha. Mipaka ya mikoa, wilaya na kata itafute Ofisi ya Taifa ya Takwimu, na uandike ni ya mwaka gani.

Kosa la kwanza la kila anayeanza ni alama ya kutoa. Sisi tuko kusini mwa ikweta, kwa hiyo latitudo ya jiji la Mbeya ni karibu −8.9. Ukisahau kile kialama, kijiji chako kitatua Sudan Kusini.

Tenganisha rangi ya "tumekagua, hatukuona" na rangi ya "hatujakagua". Ya kwanza iwe nyeupe, ya pili iwe ya kijivu au yenye mistari. Kuchanganya hizi mbili ndiko kunakofanya wilaya zenye watafiti wengi zionekane chimbuko la ugonjwa. Mbozi imeandikwa sana kwa sababu imechunguzwa sana. Wilaya iliyo kimya huenda haijawahi kuona kamba ya mkaguzi.

Juu ya kila kata andika sehemu nzima, siyo asilimia pekee: 3/20, 0/20, 1/6. Msomaji akiona 1/6 ataelewa kwamba hiyo asilimia 17 imesimama kwa mguu mmoja. Usiweke ulimi na damu kwenye ramani moja. Chora mbili, zikae ubavu kwa ubavu, na madaraja ya rangi yafanane.

Nukta za kaya usizichapishe kamwe. Bei ya nguruwe wa kitongoji inaweza kuanguka kwa picha moja ya WhatsApp, na mwenye kifafa akatambulika kwa paa la nyumba yake. Ishia kwenye kata.

Hatua ya 10: Rudi

Mpaka hapa umejua tegu yuko wapi. Bado hujui kama anaenea. Rudi baada ya mwaka mmoja au miwili kwenye vijiji vilevile, mwezi uleule, kwa kipimo kilekile, na ikiwezekana wakaguzi walewale. Kaya chomoa upya. Nguruwe wa kwanza watakuwa wameshaliwa, na hiyo ni faida: kila nguruwe mdogo wa mzunguko wa pili anakupa habari za mwaka huo tu.

Kiwango kikipanda, jiulize mambo manne kabla ya kuandika "umeenea". Je, mmekagua wakubwa kuliko mara ya kwanza? Je, mmekuja baada ya mavuno wakati mara ya kwanza mlikuja kabla? Je, wakaguzi wameongeza uzoefu? Je, homa ya nguruwe ilipita, wafugaji wakanunua nguruwe wapya kutoka kwingine? Hilo la mwisho linajibiwa na safu ya "alinunuliwa wapi". Ukiona wenye vifuko ni wa kununuliwa tu, na waliozaliwa hapo ni wazima, vifuko vimeletwa na mzunguko haujaota mizizi kijijini. Wakiwa ni waliozaliwa hapo, mtu mwenye tegu yumo kijijini, na kazi inahamia zahanati na kwenye vyoo.

Matokeo yarudishwe kwenye mkutano wa kijiji, kwa jumla, bila majina. Mwenye nguruwe aliyekutwa na vifuko aambiwe peke yake, siku ileile, na aambiwe la kufanya. Oksifendazoli, miligramu 30 kwa kila kilo ya uzito, dozi moja ya mdomo, huua vifuko vya kwenye nyama, ikitolewa na mtaalamu wa mifugo. Baada ya hapo nguruwe asichinjwe kabla ya siku 21, na vifuko vilivyokufa huendelea kuonekana kwa muda, kwa hiyo mweleze mfugaji asidhani dawa imeshindwa.

Ukimaliza, toa nakala mbili za takwimu zote: moja kwa wilaya, moja ofisi ya kata, kwenye faili la karatasi. Ukurasa wa mbele uandike kipimo kilichotumika, mwezi, umri wa nguruwe waliokaguliwa, na namna vijiji vilivyochaguliwa. Atakayekaa kwenye kiti chako baada ya uhamisho wako atahitaji ukurasa huo kabla ya namba yoyote iliyo nyuma yake.